Japani: Siku ya Kutembea Peke Yako na Siku ya Kumtafuta Mwongozaji

Anayepanga kuitembelea Japani hana haja ya kuchagua kati ya kutembea peke yake na kujiunga na kikundi kwa safari nzima. Aipitie ratiba yake siku kwa siku, na kila siku ajiulize mambo mawili: je, treni inafika ninakokwenda, na je, nitakielewa nitakachokiona bila mtu wa kunieleza?

Tokyo, Kyoto, Osaka na Hiroshima hazihitaji kikundi. Majina ya vituo huandikwa pia kwa herufi za Kilatini, na kadi moja ya kujazwa fedha, kama Suica au ICOCA, hulipia treni, mabasi na hata chupa ya maji dukani. Usinunue Japan Rail Pass, tiketi ya watalii ya kupanda treni za JR kwa siku kadhaa, kwa mazoea, kwa kuwa mnamo Oktoba 2023 ile ya siku 7 ilipanda kutoka yeni 29,650 hadi 50,000, ilhali nauli ya treni ya kasi ya Shinkansen kutoka Tokyo hadi Kyoto na kurudi haifiki 30,000. Jumlisha nauli zako kwanza.

Hekalu la Fushimi Inari, Kyoto, linaonyesha vizuri faida ya kila njia. Halina kiingilio wala halifungwi usiku, kwa hiyo anayejitegemea anaweza kufika alfajiri na kupita chini ya malango yake mekundu yanayopanda mlimani kabla mabasi ya watalii hayajawasili. Lakini unaposhuka mlimani, kila nguzo inakuonyesha maandishi yaliyochongwa upande wa nyuma: jina la aliyetoa lango hilo na tarehe aliyolitoa. Asiye na wa kumsomea huona rangi tu, na ningesikitika mtu asafiri mbali hivyo akose jambo hilo. Miji mingi ina vyama vya waongozaji wa kujitolea; hawadai ujira, ila utawalipia nauli, kiingilio na chakula, nawe uwaombe wiki kadhaa kabla.

Ziara ya kikundi naipendekeza hasa kwa Shirakawa-go, kijiji cha nyumba zenye paa nene za nyasi kilichomo katika Urithi wa Dunia tangu 1995, kwa sababu treni haifiki huko na theluji ya majira ya baridi ni nyingi. Kabla ya kulipa, uliza kwa maandishi mtakaa kijijini muda gani. Dakika 40 huishia kwenye kupanda hadi kilima cha Shiroyama, kupiga picha na kushuka, bila kuingia hata nyumba moja.