Jinsi ya kutengeneza websaiti inayokaa vizuri kwenye simu, na hata kwenye kifaa ambacho bado hakijatoka

Wengi wakianza kutengeneza websaiti swali la kwanza ni "niweke vipimo vya simu gani?", mi nasema achana nalo kabisa. Ukifuata saizi ya simu fulani, mwakani inatoka nyingine, kuna za kukunja, kuna tableti, kuna TV yenye brauza, utazikimbiza mpaka uchoke. Fuata maudhui yako.

Anza na skrini ndogo. Kwenye head, ile sehemu ya juu ya faili la HTML (lugha inayopanga maudhui ya ukurasa), weka meta tagi ya viewport, mstari unaoiambia brauza ichore kwa upana gani, yenye width=device-width, initial-scale=1, bila hiyo simu inajifanya kompyuta, inachora ukurasa wa upana wa kama pikseli 980 halafu inaubana, ndo maana maandishi yanakuwa kama chembe za mchanga hata kama CSS yako (lugha ya kupanga mwonekano) iko poa. Kisha andika CSS ya safu moja tu, kila kitu kishuke chini kwa mpangilio. Ikishasomeka vizuri, fungua kwenye kompyuta, shika ukingo wa dirisha la brauza uvute taratibu. Pale mistari inapokuwa mirefu mpaka jicho linapotea, au kadi zinapoanza kupwaya, hapohapo weka media query ya min-width, yaani sharti la CSS linaloanza kufanya kazi skrini ikifika upana fulani, hata ikiangukia pikseli 537 sawa tu, usikariri 768 eti kwa sababu kila mtu anaitumia.

Mbunifu wa websaiti Ethan Marcotte alipoandika kuhusu mtindo huu (responsive web design) mwaka 2010 alitaja gridi zinazonyumbulika, picha zinazonyumbulika na media query, na msingi bado ni huohuo. Kilichoongezeka, na mimi nakipenda sana, ni container query, toka 2023 brauza kubwa zote zinaielewa: kadi inaangalia upana wa boksi ililomo, haijali skrini, kwa hiyo kadi ileile ukiiweka pembeni inajibana, ukiiweka katikati inajitanua, hujaandika code mara mbili.

Kwenye picha, max-width ya 100% inapunguza kwa macho tu, bando la msomaji linaliwa vilevile. Toa saizi tatu au nne za picha moja, ziorodheshe kwenye srcset ya tagi ya picha, pamoja na sizes inayosema picha itachukua upana gani, brauza itachagua yenyewe. Andika na width na height (upana na urefu) za picha, la sivyo picha ikiingia maandishi yanaruka na mtu anabonyeza asichokusudia, inakera mno.

Vitufe vipe kama pikseli 44 hadi 48, vidole ni vinene. Fonti ya sehemu za kujaza fomu isishuke chini ya pikseli 16, maana Safari ya iPhone itakuza ukurasa wenyewe.

Kuhusu teknolojia zijazo, shikilia HTML ya kawaida, kitufe kiwe button kweli, sio div (boksi tupu lisilo na maana yake) iliyobandikwa JavaScript ili ijifanye kitufe. Kuna watu walijenga saiti nzima kwa Flash, programu-jalizi ya Adobe ya michoro na video, iPhone haikuwahi kuikubali, na mwisho wa 2020 Adobe wakaacha kuisapoti, wakati kurasa za HTML za miaka ya 90 zinafunguka mpaka leo. Kitu kipya cha CSS kiweke ndani ya @supports, sharti linaloiuliza brauza kama inakijua, brauza isiyokijua itaruka na ukurasa utabaki unasomeka.

Ukimaliza jaribu kwenye simu halisi ya bei ya chini, mtandao ukiwa unasuasua, maandishi yamekuzwa mpaka 200%. Kikikatika kitu, rudi kwenye ile safu moja uanzie hapo.