Kurudisha msitu wa misindano mlimani bila kuwanyima watu riziki

Chukua mbegu kwenye misindano (paini) ya mlima huohuo, si ya bondeni. Kwenye viriba (mifuko ya kuoteshea miche) changanya sehemu 9 za udongo na 1 ya udongo kutoka chini ya misindano mikubwa. Udongo huo wa chini ya misindano una kuvu inayoishi na mizizi. Bila hiyo miche hugeuka njano na kudumaa, na mbolea haisaidii sana. Maji yakizidi, ugonjwa wa kinyausi huingia: shingo ya mche hunywea, unalala chini. Punguza maji, ondoa miche iliyoathirika.

Panda mvua zikikolea, miche ikiwa na sentimita 20 hadi 30. Chana kiriba chote, kata mizizi iliyojisokota, la sivyo mti unaweza kung'olewa na upepo baada ya miaka. Nafasi ya mita 3 kwa 3 hubeba miche kama 1,100 kwa hekta. Penye miche ya asili, usipande.

Maharage katikati ya mistari yanafaa mpaka kivuli kifunge, na palizi inapatikana bure. Mteremko mkali usilimwe. Mifugo ikatiwe majani, isiingie mpaka vilele vya miti viipite midomo yake. Mizinga ya nyuki ianze mapema, ila moto wa kurina asali unaweza kuunguza msitu.