Somo: Shule ya mlimani, anza na kontua

Kosa hufanyika kabla jembe halijagusa ardhi: ramani ya shule ya uwanda inabandikwa kilimani, kisha katapila linaitwa likichonge kilima kiwe meza. Tusianzie huko.

Hatua ya 1: Pima. Mpira wa maji unaoonyesha ndani na vijiti vyenye alama vinatosha kwa kuanzia. Tafuta sehemu zenye kimo kimoja, uziunganishe kwa kamba. Hiyo ndiyo kontua. Ardhi ikishuka mita 1 kwa kila mita 10, mteremko ni asilimia 10.

Hatua ya 2: Laza jengo kwenye kontua. Hapa ndipo fedha huokolewa au huzikwa. Chukua madarasa mawili yaliyoungana, urefu mita 18, upana 7. Ukiyaelekeza bondeni kwenye mteremko huo, ncha moja inaizidi nyingine kwa mita 1.8. Ukiyalaza kufuata kontua, tofauti ni sentimita 70 tu: unachimba 35 upande wa juu, unainua 35 upande wa chini, na udongo ni uleule. Ila msingi ushuke hadi ardhi asilia. Kifusi, yaani udongo wa kujazia, hutitia.

Hatua ya 3: Jengo linalofuata lipe kimo chake, usililazimishe lilingane na la kwanza.

Hatua ya 4: Maji. Chimba mfereji juu ya jengo, uyazungushe maji pembeni. Ukuta wa kuzuia udongo uwe na kokoto nyuma na matundu ya kutolea maji. Maji yakikwama huko huusukuma hadi uanguke.

Maswali

*Mwalimu, mwenye kiti cha magurudumu atapitaje?*
Kila mita 1 ya kupanda inataka mita 12 za njia. Sentimita 70 zinataka mita 8.4. Afadhali mlango uwe upande wa juu, njia ije ikifuata kontua. Huenda usihitaji hata ngazi.

*Kilima chetu kinatazama magharibi. Jua la jioni je?*
Swali gumu hilo, maana ukifuata kontua upande mrefu wa jengo unatazama jua hilo. Mimi hubaki na kontua, kisha naweka baraza pana upande huo na kurefusha paa. Mteremko ukiwa mdogo, geuza jengo.

*Kifusi kikishajazwa, tumwage jamvi (sakafu ya zege)?*
Mmekijazaje? Kiwe tabaka za sentimita 15, kila moja imenyunyiziwa maji na kushindiliwa. Kikimwagwa kwa mkupuo na kupigwa juu tu, jamvi litapasuka, tena upande wa chini.