Jinsi ya Kuchunguza Iwapo Mafuriko au Ukame Unahusiana na Mabadiliko ya Tabianchi

Anza kwa kutenganisha mambo mawili ambayo wengi huyachanganya: hali ya hewa ni ya siku au wiki, ilhali tabianchi ni wastani wa hali hiyo kwa muda mrefu, ambao wataalamu kwa kawaida huukokotoa kwa miaka 30. Tafuta takwimu za mvua na joto za eneo lenyewe katika mamlaka ya hali ya hewa, kisha ulinganishe miongo ya zamani na ya karibuni. Masimulizi ya watu yanasaidia, lakini mtu hukumbuka zaidi mwaka uliomuumiza.

Halafu fuata chanzo. Kaboni dioksidi, inayoongezeka tunapochoma makaa ya mawe, mafuta na gesi asilia na tunapofyeka misitu, huzuia joto la dunia lisipotelee angani. Kabla ya enzi ya viwanda, katika kila molekuli milioni moja za hewa, zipatazo 280 zilikuwa za gesi hiyo. Mwanasayansi Mmarekani Charles David Keeling alipoanza kuipima huko Mauna Loa, mlima wa volkano wa Hawaii, mwaka 1958 zilikuwa takriban 315, na sasa zimepita 420. Akitokea anayedai kwamba ni jua lililozidi ukali, mwoneshe ushahidi ambao kwangu ndio wenye nguvu kuliko wote: tabaka la chini la angahewa limepata joto huku stratosfia, iliyo juu yake, ikipoa, ilhali jua lingeyapasha yote mawili.

Hatua inayofuata ndiyo inayohitaji uangalifu mkubwa. Hewa ikiongezeka joto kwa nyuzi 1 ya Selsiasi huweza kubeba mvuke zaidi kwa karibu asilimia 7, ndiyo maana mvua kubwa huzidi ukubwa. Joto hilohilo hukausha udongo upesi mvua inapokosekana. Kwa hiyo pima ni kwa kiasi gani tukio limekuwa kali zaidi au limekuwa rahisi kutokea. Usisahau sababu nyingine: El Niño (kupata joto kwa maji ya Bahari ya Pasifiki kunakobadilisha mvua), mitaro iliyoziba na makazi ya mabondeni, kwa sababu kuyanyamazia hayo ni kuwanyima waathirika marekebisho yanayowezekana mapema.

Mafuriko ya pwani hayana utata mwingi: maji ya bahari hutanuka yanapopata joto na barafu ya nchi kavu huyeyuka, hata usawa wa bahari umepanda kwa takriban sentimita 20 tangu mwaka 1901, na kila dhoruba sasa huyakuta maji yakiwa juu zaidi.