Punguza upepo kabla ya mchanga

Jana njia ya mchanga kuelekea Hombolo imenifunza kitu: kabla hujaingia mchangani, toa upepo kidogo kwenye tairi za baiskeli. Bonyeza kwa dole gumba. Likididimia kidogo tu, yatosha. Tairi laini hutanuka na kukanyaga eneo kubwa, halizami, nawe unapata nafasi ya kutazama mibuyu badala ya kupigana na usukani. La nyuma ndilo limebeba uzito wako, libakishie upepo mwingi kuliko la mbele. Kwenye mawe hali inageuka: tyubu inabanwa kati ya ringi na jiwe, inatoboka matundu mawili kama imegongwa na nyoka. Miiba ya migunga, hiyo haijali upepo mwingi wala kidogo. Beba pampu.