Somo: Kuvusha kampavani kwa feri, Dover hadi Calais

Tangu likizo za shule zikaribie, maswali ya kampavani (gari lenye kitanda na jiko ndani) na feri hayaishi, kwa hiyo naandika mara moja ili atakayeuliza tena aelekezwe hapa. Nimechukua Dover–Calais kwa sababu wengi wetu tulioko Uingereza ndipo tunapoanzia. Pale panapobana zaidi bahari haizidi maili 21, feri inachukua kama saa moja na nusu, na meli zinaondoka usiku na mchana. Anayepitia Newhaven, Portsmouth au Harwich atakuta taratibu karibu ni zile zile, ila safari ndefu zaidi.

Watu wanaogopa ule mwinuko wa kuingilia melini. Mimi naona hiyo ndiyo sehemu rahisi, maana pale kuna mtu wa koti la kung'aa anayekuonyesha kwa mikono: njoo, simama, kata kulia. Wanaokwama hukwama kwa vipimo, kwa gesi au kwa karatasi, na hayo yote humalizwa nyumbani.

Hatua ya 1: Pima gari mwenyewe

Usinakili vipimo vya kwenye kitabu cha gari. Kiwandani walipima gari tupu. Wewe umeongeza rafu ya baiskeli, ndoano ya trela, boksi la paani, pengine na kiyoyozi. Chukua tepu ya fundi upime urefu kuanzia bampa ya mbele hadi baiskeli ya mwisho nyuma. Kampavani ya Ducato ya mita 5.99 ikishabeba baiskeli si ya mita 5.99 tena.

Kimo ndicho kinachowasumbua wengi. Laza ubao ulionyooka juu ya kitu kilicho juu kuliko vyote paani, uache ncha yake itokeze nje ya gari, kisha pima kutoka kwenye ncha hiyo hadi chini. Hakikisha ubao haujainama upande.

Ndani ya meli kuna sitaha zenye dari fupi za magari madogo na nyingine za malori, na nauli nayo inakwenda kwa urefu na kimo cha gari. Ukizidisha ulichoandika kwenye tiketi utalipa tofauti, na meli ikiwa imejaa utasubiri nyingine. Ukishapima, andika namba zako kwa mita na kwa futi, ubandike kwenye dashibodi. Ufaransa maegesho mengi ya ufukweni yana chuma cha juu cha kuzuia magari yenye kimo kikubwa, na pale huna muda wa kukumbuka.

Hatua ya 2: Karatasi

Mwenye pasipoti ya Tanzania, Kenya, Uganda, Rwanda, Burundi au Kongo anahitaji viza ya Schengen hata kama ana ukaazi wa kudumu Uingereza. Narudia kwa sababu kila mwaka kuna anayedhani kibali chake cha Uingereza kinamtosha. Na kwa kuwa kadi za ukaazi zimeisha muda, hakikisha eVisa yako (kibali cha ukaazi cha mtandaoni) imeunganishwa na pasipoti unayosafiria, la sivyo shida itakungoja wakati wa kurudi. Mwenye pasipoti ya Uingereza haombi viza, ila iwe haijafikisha miaka 10 tangu itolewe siku anayoingia, na ibakiwe na angalau miezi 3 siku anayotoka.

Mfumo mpya wa Ulaya wa kusajili wageni ulianza 12 Oktoba 2025. Unachukua picha na alama za vidole. Watoto chini ya miaka 12 hawachukuliwi vidole. Foleni zinaweza kurefuka, fika mapema kuliko ulivyozoea.

Kwa gari beba V5C (hati ya usajili wa gari) yenyewe, si nakala, na cheti cha bima. Bima zingine zinafunika kila kitu Uingereza, ukivuka zinashuka hadi kumlipa mtu wa tatu tu, yaani uliyemgonga. Piga simu uulize.

Hatua ya 3: Kikapu cha chakula

Hapa ndipo akina mama wanaponuna. Tangu Januari 2021 hairuhusiwi kuingiza nyama wala maziwa Ulaya kutoka Uingereza, na hilo linaingia hadi kwenye sambusa za nyama na chai ya maziwa iliyo kwenye chupa. Samaki wana sheria yao: hadi kilo 20 kwa mtu, na wabichi wawe wametolewa matumbo. Dagaa wako wakavu wamo humo. Matunda mengi yanataka cheti cha afya ya mimea, isipokuwa ndizi, nazi, nanasi, tende na duriani. Kwa hiyo wali wa nazi na dagaa unavuka, pilau ya nyama haivuki. Wakati wa kurudi nako, tangu Aprili 2025 Uingereza haipokei nyama ya ng'ombe, mbuzi, kondoo au nguruwe, wala jibini, kutoka Ulaya, kwa hiyo kuleni huko huko.

Hatua ya 4: Gesi

Gesi ya kupikia ni nzito kuliko hewa. Ikivuja haipandi ikapeperuka. Inashuka sakafuni inatulia, na sakafu ya sitaha ya magari imezungukwa na chuma pande zote. Cheche moja ya swichi inatosha. Ndiyo maana mabaharia hawana mchezo na jambo hili.

Kabla ya kuondoka nyumbani, mlango ukiwa wazi, washa jiko moja, kisha funga vali kwenye mtungi wenyewe. Moto utakufa taratibu gesi iliyobaki kwenye mpira ikiisha. Halafu zima jiko. Kufunga swichi ya jiko peke yake hakutoshi, maana mpira wote kutoka mtungini unabaki umejaa. Mtungi usimame wima kwenye kabati lake, ufungwe kwa mkanda. Mitungi ya ziada ina kikomo, na kila kampuni ina chake. Soma masharti ya tiketi. Petroli ya akiba kwenye kopo iache nyumbani.

Friji inayotumia gesi izimwe upande wa gesi. Ukiwa barabarani itatumia betri. Melini izime kabisa. Usihangaike: friji iliyoshiba baridi, ukaweka chupa mbili za maji yaliyoganda, inavuka hadi Calais bila kujua kama imezimwa. Usiifungue tu.

Na chai ichemshwe nyumbani. Ukiwa kwenye foleni ya bandarini kuwasha jiko ni marufuku, hata kama jirani yako wa foleni anafanya hivyo.

Hatua ya 5: Bandarini

Dover unakutana kwanza na polisi wa mpaka wa Ufaransa, upande huu huu wa bahari. Kisha kunaweza kuwa na ukaguzi wa usalama: watafungua kabati, watauliza gesi, watachungulia kitandani. Kitanda kiwe kimekunjwa, vitu vya juu vimefungwa. Baada ya hapo ni kibanda cha kampuni ya feri; unapewa kikaratasi chenye namba ya mstari, unakitundika kwenye kioo cha mbele, unakwenda kwenye mstari wako. Usihame mstari kwa sababu wa pembeni unasogea.

Hatua ya 6: Kupanda

Sisi tuliozoea Likoni na Kigamboni tunajua maji yakiwa yamekupwa, hasa siku za bamvua, mteremko wa kuingia kwenye pantoni unakuwa mkali na magari yanakwaruza. Dover bahari inapanda na kushuka zaidi ya kwetu, karibu mita 6 wakati wa bamvua. Wao wana daraja la chuma linaloinuliwa na kushushwa kufuata maji, kwa hiyo mteremko hauwi wa kutisha, lakini upo.

Mwenye kampavani yenye mkia mrefu nyuma ya matairi ndiye wa kuangalia. Tumbo la mkia linagonga pale daraja linapokutana na meli. Mwaga tenki la maji machafu kabla ya safari, lile la maji safi usilijaze, na vitu vizito visogeze mbele, ili mkia uinuke. Panda kwa gia ya kwanza, bila haraka, na usianze kupanda mpaka gari la mbele limalize mwinuko. Katikati ya mwinuko si mahali pa kusimama.

Hatua ya 7: Ukishaegesha

Vuta breki ya mkono kwa nguvu zako zote, weka gia ya kwanza (otomatiki weka P), zima injini na taa. Msichukulie breki kama mazoea tu. Septemba 2019 pale Likoni gari dogo liliteleza kinyumenyume kutoka kwenye feri likazama na watu wawili. Mabaharia wakitaka kuweka kabari kwenye matairi, waachie.

Zima kile kisomaji cha mtikisiko cha alamu, maana mawimbi yataiwasha na italia njia nzima hadi betri ife. Chukua pasipoti, dawa, sweta na watoto. Piga picha ya namba ya sitaha na rangi ya ngazi. Ndani ya meli ngazi zote zinafanana. Ukishapanda juu hurudi kwenye gari mpaka mtangaziwe.

Hatua ya 8: Kushuka

Usiwashe injini mpaka gari la mbele lianze kusogea. Calais saa iko mbele kwa saa moja. Unatoka bandarini upande wa kulia wa barabara. Hatari si pale bandarini penye mishale, ni asubuhi ya pili, ukitoka kwenye kituo cha mafuta kisicho na gari lingine. Gesi usiifungue mpaka umefika kambini, na ukifungua nusa kwanza.

MASWALI YA WANACHAMA

Mama Zuwena, Leicester: *Shikamoo mwalimu. Mama yangu miguu inamsumbua, ngazi hawezi. Anaweza kubaki amelala ndani ya kampavani tukivuka?*

Marahaba dada. Hapana, Dover–Calais hakuna abiria anayebaki kwenye sitaha ya magari meli ikiwa njiani. Lakini hahitaji ngazi. Sema wakati wa kukata tiketi, na urudie pale kibandani, ili mpangwe karibu na lifti. Fika mapema, kwa sababu nafasi hizo ni chache. Kulala ndani ya gari kunaruhusiwa kwenye baadhi ya feri kati ya Italia na Ugiriki msimu wa joto, magari yanapokaa kwenye sitaha iliyo wazi.

Kijana wa Kisauni: *Kaka, kampavani ni ya kukodi. V5C sina, iko kwa mwenye gari. Nitapita?*

Mwambie akupe cheti cha VE103, ndicho kinachosimama badala ya V5C kwa gari la kukodi. Na mkataba uonyeshe wazi kwamba umeruhusiwa kulitoa gari Uingereza. Omba wiki kadhaa kabla, usingoje usiku wa safari.

Bi Raya, Milton Keynes: *Mimi ni mtu wa Unguja. Tangu Spice Islander izame 2011 sijapanda meli yoyote. Mume wangu ameshakata tiketi. Niambie ukweli.*

Pole sana Bi Raya, na hofu yako ina sababu. Spice Islander ilibeba watu kuliko uwezo wake, kama MV Bukoba mwaka 1996. Kwenye njia hii kila gari na kila abiria yuko kwenye orodha kabla meli haijaondoka. Ajali nayo imewahi kutokea: 6 Machi 1987, Herald of Free Enterprise iliondoka Zeebrugge kuja Dover milango ya mbele ikiwa wazi, maji yakaingia sitaha ya magari, wakafa watu 193. Sitaha hiyo haina kuta za katikati, maji yakiingia yanakimbilia upande mmoja na meli inalala. Baada ya hapo sheria za kimataifa zilibadilishwa, nahodha akawekewa taa za kumwonyesha milango imefungwa au la. Kaa katikati ya meli ambako haichezi sana, tafuna tangawizi, tazama upeo wa bahari na si simu.

Fundi Gereji, Bristol: *Mtungi wangu wa Calor ukiisha Ufaransa, nabadilisha wapi?*

Hubadilishi, fundi wangu. Ufaransa wana mitungi yao na vichwa vyao. Ondoka na uliojaa, au tumia Campingaz ambayo inapatikana pande zote mbili. Majira ya baridi chukua propeni. Byuteni ikikaribia nyuzi sifuri inagoma kutoka. Na kama gari lenyewe linatembea kwa gesi, jua kwamba treni ya chini ya bahari hailichukui.

Mzee wa Diani: *Mwanangu, nastaafu mwakani. Nataka kurudi nyumbani na kampavani yangu hadi Mombasa, nikapige kambi Diani. Inawezekana?*

Shikamoo mzee. Inawezekana, lakini hiyo si feri ya abiria. Gari linaendeshwa kuingia kwenye meli ya magari na linasafiri peke yake, wewe unapanda ndege. Kenya haipokei gari lililozidi miaka 8 tangu liandikishwe mara ya kwanza, usukani uwe kulia, na likaguliwe kabla ya kupakiwa. Tanzania gari kuukuu linaingia ila linaongezewa ushuru wa uchakavu. Vyombo na magodoro ulizia kwanza, meli nyingi zinataka gari liwe tupu, na mtungi wa gesi uutoe kabisa. Ukishalitoa bandarini Mombasa, Likoni si lazima tena: shika barabara ya Dongo Kundu, itakutoa upande wa kusini bila kupanda feri.