Namna ya kuandika upya mwisho wa mchezo wa video Dragon Age: Origins

Vita usiviguse. Joka kuu likishaanguka juu ya ngome ya mji wa Denerim, kazi hiyo imekwisha, tena imekwisha vizuri. Kinachoniuma ni kinachofuata: maandishi yanayopita kwenye picha, yakisimulia yaliyowapata watu niliohangaika nao saa nyingi. Mchezo huu wa 2009 ulinilazimisha kuchagua, basi unionyeshe nilichochagua.

Shika daftari, andika maamuzi matatu tu yaliyokunyima raha. Wangu wa kwanza ni Connor, mtoto wa kijiji cha Redcliffe aliyepagawa na pepo. Kisha kila uamuzi uupe mahali pa kukanyaga. Mchezaji arudi Redcliffe kwa miguu yake. Kama alimuua mtoto, akute chumba kimefungwa, na Eamon, baba mtu, amshukuru kwa adabu bila kumtazama usoni. Sentensi moja inatosha. Ya pili ifute, hata ukiipenda. Kama wachawi walimwokoa, mlango uwe wazi na viatu vidogo visiwepo, maana mwenyewe ameenda kusoma uchawi.

Mengine yafupishe. Halafu msomee kwa sauti mtu aliyewahi kuumaliza mchezo. Akiuliza mbwa anayeandamana na mchezaji yuko wapi, mrudishe mbwa.